Upupu, Piriton na daktari wa Boston

Kila aliyepita shule ya bweni anaujua upupu. Mtoto kaokota ganda porini, kalifunga kwenye gazeti, kafika kapaka kwenye dawati la mwenzie au Mungu apishe mbali kwenye kiti cha mwalimu, na dakika haiishi mtu yuko wima anajikuna mpaka machozi yanamtoka. Akipelekwa zahanati anapewa Piriton, anameza, halafu anaendelea kujikuna vilevile mpaka upupu wenyewe uchoke, faida pekee aliyoipata ni usingizi. Watu tumezoea tu, tukaona ndivyo upupu ulivyo. Sasa kuna daktari mmoja wa ngozi kule Boston anaitwa Ethan Lerner, yeye hili hakuliona la kuzoea, na kipande kikubwa cha kazi yake ya utafiti kimesimama hapo hapo: kinachowasha kwenye upupu ni nini hasa, kinagusa wapi mwilini, na mbona dawa ya aleji haikishiki. Naandika kisa chake kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wanaomtaja wanataja majibu aliyoyapata, wakati mimi naona alivyoyatafuta ndo kwenye utamu, na pia ndo kwenye maswali.

Kwanza hali ilivyokuwa. Kwa miaka mingi sana ukisema muwasho umesema histamini, ile kemikali mwili unayoimwaga mtu akipata aleji. Thomas Lewis wa London, miaka ya 1920, alieleza ile hali ya ngozi ikichokozwa: pale pale panakuwa pekundu, panavimba kijivimbe, halafu wekundu unasambaa pembeni, na akaona kuna kitu kama histamini kinachomwagwa na ngozi yenyewe. Miaka ya 1940 dawa za kuzuia histamini zikaingia sokoni, watu wa mafua ya aleji wakatulia, wenye madoa ya kuvimba mwilini wakapata nafuu, basi ikawa imekwisha, muwasho wowote unaandikiwa antihistamini. Mpaka leo nenda duka la dawa lolote useme nawashwa uone kama hutarudi na Piriton au setrizini. Shida ni kwamba mtu wa pumu ya ngozi anazimeza mwaka mzima na bado usiku analichana shuka. Mgonjwa wa figo aliye kwenye dayalisisi naye hivyo hivyo, na mwenye ini lililoziba nyongo pia. Madaktari walikuwa wanaliona hili kila siku kliniki, ila vitabu vilikuwa havina pa kuliweka, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba muwasho ulihesabika kama kaumivu kadogo, kitu cha kuvumilia, hakuna aliyekufa kwa kuwashwa. Pesa na heshima ya utafiti vilienda kwenye maumivu.

Ila ushahidi kwamba kuna kitu kingine ulishakuwepo tangu 1955. Mwaka huo Walter Shelley na mwenzake Robert Arthur, pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichukua vinyweleo vya upupu (jina lake la kitaalamu ni Mucuna pruriens) wakaonyesha kwamba kinachowasha ni proteasi, yaani kimeng'enya kinachokata protini, wakakiita mucunain. Na mtu mwenye macho anaona tofauti kwenye ngozi: ukimchoma mtu histamini panavimba na wekundu unatambaa mbali, ukimwekea upupu anawashwa kufa lakini wekundu ule wa kusambaa haupo. Hivyo ni vitu viwili. Halafu baada ya hapo kimya. Miaka hamsini na tatu karibu kimya! Hii ndo sehemu ya kisa ambayo mimi inanikera, kwa sababu jibu lilikuwa nusu mezani na dawa za histamini zilikuwa zinashindwa mbele ya macho ya watu. Kwa kuwatetea kidogo, Shelley hakuwa na namna ya kujua kimeng'enya kile kinakata nini. Risepta (vipokezi vya ujumbe kwenye seli) zinazoamka kwa kukatwa hazikuwa zinajulikana, ya kwanza (ile ya thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu) ilikuja kuonekana mwaka 1991 tu.

Hapo ndo tumlete Lerner. Kazaliwa kwenye nyumba ya ngozi, baba yake ni Aaron Lerner wa Yale, yule aliyeitoa melatonini mwaka 1958 kwenye tezi za ubongo wa ng'ombe, maelfu kwa maelfu ya tezi, akitafuta kitu cha kubadilisha rangi ya ngozi, akaishia kupata homoni ya usingizi. Mtoto naye akasoma Yale, na jina lake linaonekana la kwanza kwenye ripoti ya 1981 akiwa na kaka yake Michael, Charles Janeway na Joan Steitz, walipotengeneza kingamwili kutoka kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi, ule ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe. Mojawapo, inaitwa Y12, maabara nyingi bado zinaitumia. Angebaki huko angekuwa mtu wa kinga ya mwili kama wengine wengi wazuri.

Hakubaki. Mwaka 1991 tunamkuta kwenye mate ya inzi wa mchanga. Kuna inzi mdogo wa Amerika ya Kusini na Kati, Lutzomyia longipalpis, anaeneza vijidudu vya leishmania, na akiuma anaacha doa jekundu linalokaa muda mrefu ajabu. Wenzake walishaona kwamba kwenye mate kuna kitu kinachopanua mishipa ya damu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Lerner na kundi lake wakakisafisha kitu chenyewe, ni peptidi (protini fupi), wakakiita maxadilan, mwaka uliofuata wakawa wamepata jeni lake, na 1997 yeye na mwenzake Moro wakaonyesha kinashika risepta moja ya binadamu inaitwa PAC1, ambayo kazi yake ya kawaida ni kupokea ujumbe wa homoni yetu wenyewe. Inzi hana undugu na hiyo homoni, peptidi yake haifanani nayo hata kwa mpangilio, ila kapata namna ya kugonga kengele hiyo hiyo.

Nimekaa kwenye inzi makusudi. Ukiiangalia kazi yake yote haraka haraka utasema huyu jamaa anaruka ruka, leo lupasi, kesho inzi, keshokutwa mmea. Mimi siioni hivyo. Kila mara tangu inzi anachukua kitu cha porini ambacho mtu yeyote asiye na shule anajua kinafanya kitu kwenye ngozi, kinafanya ndani ya dakika chache na bila ubishi, kisha anauliza maswali mawili tu: molekuli ni ipi, na inashika wapi. Hapo huhitaji takwimu za watu elfu kumi kuamini kwamba athari ipo, ipo na inakukuna. Watafiti wengi wa ngozi walianzia upande wa pili, wana risepta mkononi wanatafuta ugonjwa wa kuipa, na huo ni mlima.

Upupu ulimfaa kuliko kitu chochote. Kinyweleo kimoja tu kikiingia juu juu kwenye ngozi kinatosha kumwasha mtu. Muwasho unapanda haraka na kushuka wenyewe. Na ukikipika kinyweleo kwa mvuke wa presha kinakufa kabisa, hakiwashi tena (akina mama wanaochemsha nguo zilizopata upupu wana haki yao hapa, protini inaharibika na joto, na kabla ya kuchemsha bora uvitoe vinyweleo kwa selotepu kuliko kusugua kwa mkono ukavisambaza). Ripoti ilitoka 2008 kwenye jarida la sayansi ya neva, mtu wa kwanza kwenye majina ni Vemuri Reddy wa maabara ya Lerner, na kati yao yumo Robert LaMotte wa Yale ambaye ni mtafiti wa maumivu, anapima hisia za watu waliokaa na mkono mezani wakitoa namba kila sekunde kadhaa: kuwashwa kiasi gani, kuchomwa kiasi gani, kuungua kiasi gani.

Walichopata: mucunain ni proteasi ya aina ya sisteini, wakapata mpangilio wake, wakaitengeneza wenyewe maabara bila mmea, na ile ya kutengeneza ikawasha watu. Hicho kipande cha mwisho ndo kinachofunga mjadala, kwa sababu kabla yake mtu angeweza kusema labda ni uchafu mwingine kwenye kinyweleo. Kisha wakaonyesha inazigusa risepta mbili, PAR2 na PAR4. Hizi zina ujanja wake, ni kama kufuli ambalo ufunguo wake umefungwa kwa kamba pembeni na kufunikwa na kitambaa: kimeng'enya kinachana kitambaa, ufunguo unaanguka ndani ya tundu lake, kufuli linafunguka lenyewe. Hakuna histamini popote kwenye njia hiyo. Piriton inaziba tundu la histamini, sasa kama histamini haikuitwa kwenye shughuli, Piriton itazuia nini.

Na hakuwa peke yake, tuseme ukweli. Mwaka 2003 kundi la Martin Steinhoff Ujerumani lilishaonyesha PAR2 inahusika na muwasho wa pumu ya ngozi. Mwaka 2007 Wamarekani wengine walionyesha kwa watu na kwa nyani kwamba upupu na histamini zinapita kwenye nyuzi tofauti za neva, moja inaitikia hii haiitikii ile, na hiyo tofauti inaendelea mpaka kwenye uti wa mgongo. Mwaka huo huo Zhou-Feng Chen wa St. Louis akaonyesha panya wasio na risepta ya GRPR kwenye uti wa mgongo wanajikuna kidogo sana ila maumivu wanayasikia kama kawaida, kwa hiyo hadithi ya kwamba muwasho ni kaumivu kadogo ikaanza kubomoka. Lerner alileta kipande kimoja kwenye ukuta ambao watu wengi walikuwa wanajenga pamoja. Ila kipande chake ndo kilichokuwa na molekuli ya upupu yenyewe.

Hapa panakuja suala la maumivu, na pana utata ambao maelezo mengi ya mitandaoni yanaufukia. Nyuzi za neva zinazobeba muwasho wa upupu ni zile zile zinazoitikia joto kali na kuchomwa, siyo nyuzi maalum za kuwashwa tu. Sasa ubongo unajuaje? LaMotte na wenzake wakafanya kitu kizuri sana, ripoti ya 2009: wakachukua vinyweleo vya upupu vilivyopikwa, vimekufa, wakavilowesha kwenye kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili, wakawachoma watu. Watu wakasema inawasha! Pilipili, ambayo ukijipaka mkononi inaunguza, ikiingizwa kwenye nukta moja ndogo juu juu ya ngozi inawasha, pamoja na kuchoma kidogo. Kwa hiyo muwasho na maumivu havitofautiani kwa dawa iliyogusa tu, vinategemea pia imegusa eneo kubwa kiasi gani na kina gani. Mimi nikisoma hapo nilirudi mara mbili. Inaeleza pia kwa nini kukuna kunasaidia, unaamsha maumivu eneo pana na uti wa mgongo unazima muwasho kwa muda, ukiacha unarudi.

Baada ya upupu akafanya hatua mbili ambazo kwangu ndo zinaonyesha ukomavu. Ya kwanza ni ndogo na ya kufurahisha, 2010, yeye na Reddy wakajiuliza kama proteasi ya sisteini ya upupu inawasha, zile za matunda je? Papaini ya papai, bromelaini ya nanasi, fisini ya mtini. Zote zinawasha, na zote zinagusa PAR zile zile. Wale wanaomenya mananasi siku nzima mikono ikawasha, au ukila nanasi bichi ulimi unachonyota, sehemu ya maelezo ni hiyo. Kuna wanaoambiwa wana aleji ya nanasi na kumbe hamna aleji yoyote, tunda linawakata.

Ya pili ni kubwa. Kama mmea una kimeng'enya cha hivi, mwili wetu nao unacho? Unacho, kathepsini S, proteasi ya sisteini ya binadamu ambayo seli za kinga na za ngozi zinaitoa. Mwaka huo huo 2010 wakaonyesha inawasha watu. Hapo upupu umeacha kuwa mchezo wa shule, umekuwa mfano wa kinachotokea kwenye ngozi ya mgonjwa bila mmea wowote. Nadhani kama angeishia mucunain ripoti ile ingekuwa ya kusimulia tu vijiweni, hii ya kathepsini ndo iliyoifanya iwe ya kitabibu.

Sasa kwenye kupindisha mambo. Mwaka 2015 maabara yake hiyo hiyo ikatoa ripoti nyingine inayosema kwamba kwa panya, kathepsini S inawasha kwa kupitia familia nyingine kabisa ya risepta, zinaitwa Mrgpr, na wala siyo PAR2. Yaani jibu lake la miaka mitano nyuma analivuruga mwenyewe, na anasema wazo lenyewe la risepta gani inahesabika kuwa ya kukatwa inabidi litazamwe upya. Kuna watu wangeificha hiyo data, maana PAR2 ilikuwa imeshawapa jina. Familia hiyo ya Mrgpr sisi tunaifahamu bila kujua. Wale waliokula klorokwini enzi zile za malaria wanakumbuka ule muwasho, siyo upele, siyo vipele, ni kuwashwa mwili mzima kama umelalia upupu, Piriton ukipewa inasaidia kidogo au haisaidii. Watafiti wa Dar es Salaam, Mnyika na Kihamia, waliandika 1991 jinsi muwasho huo ulivyogusa matumizi ya dawa yenyewe, mtu ana homa lakini anakwepa dozi. Mwaka 2009 kundi la Xinzhong Dong wa Johns Hopkins likaonyesha klorokwini inagusa Mrgpr moja kwa moja kwenye neva, kwa binadamu ni MRGPRX1. Hiyo ni risepta ya Baltimore iliyoelezea malalamiko ya Temeke, na kwa bahati mbaya imekuja wakati klorokwini tumeshaitupa kwa sababu vijidudu vimeizoea. Mwaka 2017 Reddy na Lerner wakaongeza kwamba hata proteasi ya wale wadudu wasioonekana wa kwenye vumbi la magodoro, Der p1, nayo inaigusa familia hii.

Kuna funzo la dawa hapa ambalo linaumiza. Neva zinatoa kitu kinaitwa substansi P, na kampuni zilitumia pesa nyingi sana kutengeneza dawa za kuziba risepta yake, NK-1R, kwa matumaini ya kuzima muwasho sugu. Kwa panya zilienda vizuri. Mwaka 2016 na 2017 maabara ya Lerner, safari hii Ehsan Azimi akiwa mbele, ikaonyesha substansi P inawasha kwa kupitia Mrgpr, na kwamba dawa za kuziba NK-1R huwa zinaziba pia Mrgpr za panya lakini ile ya binadamu, MRGPRX2, haziigusi. Kwa maneno mengine panya alipona kwa bahati ya upanya wake. Mwaka 2020 serlopitanti, mojawapo ya dawa hizo, ikaanguka kwenye majaribio ya hatua ya tatu kwa wagonjwa wa prurigo, ugonjwa wa vinundu vya ngozi vinavyowasha. Sisemi ilianguka kwa sababu hiyo tu, majaribio huanguka kwa mambo mengi, ila onyo lilikuwa limeandikwa na kuchapishwa miaka minne kabla. Na ndo maana nasisitiza ile tabia ya kuanzia kwenye ngozi ya mtu. Mkono wa binadamu kwenye meza ya LaMotte usingekudanganya hivyo.

Upande wa lawama nao upo. Kwenye meza ya mgonjwa njia ya proteasi haijafika: hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa muwasho inayoziba PAR2 wala kathepsini S. Zilizofika zimetoka njia nyingine, watu wa sitokini (jumbe za seli za kinga), dupilumabu ya pumu ya ngozi iliyoidhinishwa Marekani 2017, nemolizumabu 2024, na, nje ya sitokini, difelikefalini ya wagonjwa wa dayalisisi 2021. Mtu anaweza kusema basi miaka yote ya upupu imeshindwa kwenye mbio. Mimi nasema imeshindwa kwenye sindano na haijashindwa kwenye hoja, kwa sababu hao wote walipata pa kusimama baada ya kukubalika kwamba kuna muwasho usio wa histamini, na upupu ndo ulikuwa mfano ambao hakuna aliyeweza kuupinga, kwenye kila mkutano mtu anauweka mkononi na kila aliyekaa anaona. Ila pia nakubali kwamba aliyefuata risepta moja moja alichelewa kuliko waliofuata seli za kinga. Hilo ni chaguo, na chaguo lina gharama yake.

Na bei za hizo sindano kwa mtu wa huku hazishikiki, tusidanganyane. Kinachoweza kubadilika kesho asubuhi bila sindano ni kwenye dirisha la daktari: mtoto wa pumu ya ngozi anayekuja mara ya nne, ngozi imekauka na kuchubuka, kuongezewa Piriton ya mara tatu badala ya mafuta ya kulainisha ya kutosha na krimu ya steroidi inayofaa kwa siku zinazofaa. Piriton itamlaza. Muwasho wenyewe utamsubiri aamke.